Benchi la Mita Kumi na Tatu Katika Chumba cha Pasi

Kwa Mama yetu, Mwenyekiti wa kikao hiki tangu kabla hakijaitwa kikao. Kwa Shangazi, mshauri wetu hata siku ambazo hatujaomba ushauri. Kwa Kaka Mkubwa, msimamizi wa karakana yetu ya ushonaji. Kwa Dada Mkasi, mkataji wa vitambaa, ambaye vipimo vyake havijawahi kupingwa na mtu aliye hai. Kwa mashemeji zangu wawili, yaani Shemeji Randa, seremala, mume wa Dada Mkasi, na Shemeji Vifungo, mke wa Kaka Mkubwa. Kwa mpwa wangu wa cherehani ya tatu. Na kwa watoto walioruhusiwa kukaa sakafuni kwa sharti la kunyamaza:

Nawasalimu nyote kwa heshima zinazowastahili, kila mmoja kwa ngazi yake.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKUBWA WA SAUNA INAYOKUSUDIWA KUJENGWA NYUMBANI

Huenda mtashangaa kuandikiwa barua na mtu mnayekula naye meza moja. Naomba nieleze. Kikao kilichopita kilipitisha kanuni kwamba mjumbe yeyote akisimama kuzungumza asizidishe dakika tatu. Kanuni ile haikutaja jina la mtu, lakini wakati inapitishwa nyote mlikuwa mnanitazama mimi. Sikuipinga. Hata hivyo, kanuni hiyo inahusu mazungumzo, haihusu barua. Barua zinazoletwa kikaoni husomwa na katibu, tena husomwa hadi mwisho. Katibu ni mimi. Kwa hiyo Shemeji Vifungo anaweza kuiweka saa yake mezani.

Nianze kwa kukiri kwamba sina ugomvi na sauna kama sauna. Kaka Mkubwa alipokwenda kwenye mkutano wa mafundi cherehani, aliondoka hapa amejikunja kiunoni, kama sisi sote tunavyojikunja baada ya miaka ya kuinamia meza na mashine. Alikaa siku tatu katika hoteli yenye chumba cha mbao, mawe ya moto na mvuke, na akarudi amenyooka kama rula. Mama alimpapasa mgongo mlangoni, akasema, “Huyu ndiye niliyemzaa.” Tangu siku hiyo hatujasikia kingine. Chai ikiwa nzuri, kule hotelini ilikuwa nzuri zaidi. Mvua ikinyesha, kule hotelini hawakuwa na habari nayo. Basi tukakubaliana kwa kauli moja kwamba nyumba hii, ambayo chini ni karakana na juu ni makazi, nayo iwe na sauna yake, kwa ajili ya migongo yetu.

Mimi nilinyoosha mkono kukubali. Imo kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wangu.

Kosa lilianza pale Shemeji Randa, kama seremala yeyote mwenye akili timamu, alipouliza swali moja tu: “Mtakaa wangapi kwa wakati mmoja?” Alitueleza kwamba kila kitu kinatokana na jibu hilo: urefu wa benchi, kimo cha dari, ukubwa wa jiko la mawe. Sauna ikiwa ndogo mno mnabanana. Ikiwa kubwa mno haipati moto. Alilenga kile kistoo kilicho chini ya ngazi, tunakowekea vipande vya vitambaa vilivyobaki. Kinawatosha watu watatu waliokaa wima. Hilo ndilo lililokuwa wazo la awali, na laiti tungeliacha pale pale.

Hatukuliacha. Ifuatayo ni orodha ya malalamiko yangu, nami naomba yasikilizwe kwa mfuatano, kwa sababu kila moja limezaliwa na lililotangulia.

1. Kuhusu idadi.

Kaka Mkubwa alijibu swali la Shemeji Randa kwa kusema, “Wawili.” Alimaanisha yeye na mkewe. Mama, ambaye tulidhani anasinzia, akauliza, “Na mimi nitakuwa nje nawashikia taulo?” Ikawa watatu. Shangazi akasema yeye hana haja ya mambo hayo, asihesabiwe kabisa, na akaendelea kusema hivyo kwa sauti inayopanda hadi alipohesabiwa. Wanne. Dada Mkasi hawezi kuachwa na wifi yake akiwa ndani. Watano. Shemeji Randa hawezi kujenga kitu asichokikalia. Sita. Mpwa wangu akauliza kama yeye ni mjakazi. Saba. Mimi nilikuwa naandika, na nilipofika kwenye jumla nikajiongeza. Wanane.

Hapo tungeweza kufunga hesabu. Lakini Shangazi akauliza, “Na akija mgeni?” Nyumba nzima ikaingiwa na aibu. Akija mgeni, tutamwambia nini? Kwamba sisi tunaingia kutoka jasho, yeye abaki sebuleni na picha za harusi? Tukaongeza mgeni mmoja. Kwa kuwa mgeni huja na mwenzake, tukaongeza wa pili. Wa tatu aliongezwa na Mama bila kutoa maelezo. Jumla: kumi na mmoja, watatu kati yao wakiwa watu tusiowajua, hatujui watatoka wapi wala watakuja lini, ila nafasi zao zimeshatengwa.

2. Kuhusu vipimo.

Jambo hili nalisema kwa tahadhari kubwa, huku nikimtazama Dada Mkasi kwa upendo wa ndugu.

Shemeji Randa alisema seremala hupima benchi kwa upana wa mtu aliyekaa. Akaomba apewe upana huo. Kila mtu anajua kwamba katika nyumba hii hakuna anayempima mtu isipokuwa Dada Mkasi. Akaishusha futi yake kutoka shingoni, akafungua lile daftari la vipimo vya wateja, akatupanga mstari kando ya meza ya kukatia, na akatupima kama anavyopima watu siku zote za maisha yake. Alizungusha futi kwenye nyonga. Akasoma namba. Akaongeza sentimita tano za mshono. Akaongeza kumi za kunenepa.

Ndugu wajumbe, mimi nyonga zangu zikizungushwa ni sentimita themanini na nane. Baada ya mshono na unene nisionao, nimetengewa benchi la mita moja na sentimita tatu, peke yangu. Naweza kulala humo na kugeuka. Shangazi alikataa namba yake isitajwe hadharani. Iliandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, na kabla haijakunjwa alimwamuru Dada Mkasi apunguze. Ikawa mtu mwenye mwili mkubwa kuliko sote ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko sote, na heshima yake haimruhusu kulalamika. Ama wale wageni watatu, Dada Mkasi aliwapima kwa kipimo kikubwa kuliko vyote daftarini, akisema, “Mgeni hujui anakuja na mwili gani.”

Jumla ya benchi ilikuja mita kumi na tatu.

Nilinyoosha mkono. Nikauliza, kwa sauti ya chini na kwa adabu, kama mtu anapokaa huwa anakaa kwa mzunguko wake wote au kwa upande mmoja tu. Dada Mkasi aliivua miwani yake. “Nimepima watu tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu,” akasema. “Kuna hata mmoja aliyerudisha suruali?” Hakuna. Nakiri hakuna. Nikamtazama Shemeji Randa, mtaalamu wa mbao, nikitarajia msaada. Shemeji Randa alikuwa anaikagua dari. Yeye amekaa ndani ya ndoa hiyo miaka kumi na tisa, na hakufika huko kwa kusahihisha vipimo vya mkewe. Aliandika mita kumi na tatu kwenye ubao wake na akaenda kuanza kukata.

Kwa hiyo naweka bayana: silalamikii kipimo. Kipimo cha Dada Mkasi ni sahihi kwa sababu ni cha Dada Mkasi. Nalalamikia matokeo yake.

3. Kuhusu chumba.

Ilionekana kwamba katika nyumba nzima, juu na chini, kuna chumba kimoja tu ambacho kuta zake tatu zikijumlishwa zinatoa mita kumi na tatu kamili. Ukuta wa kushoto mita nne, wa nyuma mita tano, wa kulia mita nne. Ni chumba cha pasi.

Nimepiga pasi katika chumba hicho miaka ishirini na miwili. Hakuna shati lililotoka katika nyumba hii bila kupita mikononi mwangu. Najua kona inayovuja mvuke na ubao wa sakafu unaolia ukikanyagwa. Naweza kuifikia pasi, chupa ya maji, brashi ya kuondolea nyuzi na redio bila kufungua macho. Sikuulizwa. Nililetewa mchoro. Katika mchoro huo, uliochorwa na Kaka Mkubwa mwenyewe, kuna alama nne katikati ya chumba: meza ya pasi, boila la mvuke, rafu ya mashati, na kijitu kidogo chenye mkono mmoja ulionyooshwa. Kijitu hicho ni mimi. Mshale mmoja unatutoa nje sote wanne.

Mshale unaishia kwenye kile kistoo cha chini ya ngazi.

Nilikwenda kukijaribu. Nikisimama wima, kichwa kinagonga ngazi ya saba. Nikiinama, kinagonga ya tano. Nikinyoosha mkono wa shati, kiwiko changu kinatoka mlangoni na kumzuia anayepita. Nikikunja suruali, sharti nitoke nje nikunjie kwenye korido kisha nirudi. Yaani, ili migongo saba ya nyumba hii inyooke, wa nane ukunjwe uwekwe chini ya ngazi.

4. Kuhusu jaribio la Alhamisi.

Kwa kuwa sisi ni mafundi cherehani, na nguo haimaliziwi kabla haijajaribishwa mwilini, Dada Mkasi aliagiza sauna nayo ijaribishwe. Alhamisi alasiri mliingia chumbani kwangu nyote, na mabenchi ya karakana, na chaki. Nilikuwa na mashati ya sare za shule ya kumalizia siku hiyo hiyo, nikaomba mngoje. Kaka Mkubwa akasema nisijali, niendelee na kazi yangu, nitawasaidia kuleta mvuke. Akafunga mlango na dirisha, ili jaribio liwe la haki.

Kila mtu akakaa ndani ya mistari yake ya chaki. Nafasi za wageni zilikaliwa na zile sanamu tatu za dirishani tunazozivalisha nguo, mojawapo ikiwa haina kichwa. Umbali kati ya mtu na mtu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mazungumzo yaliendeshwa kwa kelele.

“Mama, unasikia joto?” aliuliza Kaka Mkubwa kutoka ukuta wa kushoto.

“Nasikia nini?” alijibu Mama kutoka ukuta wa kulia.

“Mume wangu, nisogee nikusugue mgongo?” aliuliza Shemeji Vifungo.

“Usogee wapi? Chaki imekukataza!” alisema Dada Mkasi.

Shangazi, aliyebanwa kati ya mstari wake mdogo na ile sanamu isiyo na kichwa, alitukumbusha mara tano kwamba yeye hakutaka kuhesabiwa. Mpwa wangu alisema, “Shikamoo, mgeni,” akaisalimia sanamu kwa mkono, na mkono wake ukabaki naye. Mlicheka nyote. Nami, ndugu wajumbe, niliunguza kola. Ni kola ya kwanza kuungua mikononi mwangu baada ya miaka tisa, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kama hasara iliyosababishwa na kicheko cha familia.

5. Kuhusu heshima na hatari zake.

Siku hiyo hiyo ya jaribio lilijitokeza jambo ambalo hoteli ya Kaka Mkubwa haikulifikiria. Baada ya robo saa, mpwa wangu alitaka kutoka akanywe maji. Kwa malezi yetu, hakuinuka tu. Aliomba ruhusa kwa mama yake, Dada Mkasi. Mama yake akaielekeza kwa Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa akaipeleka kwa Mama, maana mkubwa akiwa chumbani hatoki mdogo bila neno lake. Mama alikuwa amelala.

Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Tulikaa humo jumla ya dakika hamsini na tano. Hiyo ilikuwa kwa mvuke wa pasi tu. Siku jiko la mawe litakapokuwa linawaka kwa joto la hotelini, na Mama akapata usingizi mzuri kama ule, tutatolewa humo tumeiva, kwa mfuatano wa umri.

Tena kuna benchi la juu. Shemeji Randa ametufahamisha kwamba sauna hujengwa kwa ngazi mbili, na kwamba joto hupanda. Benchi la juu ndilo lenye moto zaidi. Sasa, nani katika nyumba hii atakaa juu na kumwacha Mama chini, miguuni pake? Hakuna. Basi Mama atapandishwa juu. Shangazi naye atapandishwa juu, na mtanionyesha ngazi mtakayotumia. Wazee wetu wawili wenye magoti mabovu watakaa karibu na dari kwenye moto mkali kuliko wote kama ishara ya heshima tunayowapa, na sisi vijana wenye nguvu tutakaa chini tukipepewa na upenyo wa mlango. Ninaiandika hofu hii mapema ili baadaye isije ikasemwa kwamba katibu hakuona.

6. Kuhusu jiko.

Kwa ukubwa wa chumba changu, Shemeji Randa anasema jiko moja la mawe litachukua toka chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni kufikisha joto la maji ya kuoshea vyombo. Yanahitajika majiko manne, nayo ni ya umeme. Yakiwashwa yote manne, cherehani zote zitazimika na taa ya ngazini pia. Ushauri wake wa pili ni kuishusha dari, ili joto lisipotelee juu. Lakini Kaka Mkubwa ni mrefu. Dari ikishushwa itambidi aingie amejikunja, akae amejikunja, na atoke amejikunja vile vile alivyokuwa kabla hajakwenda hotelini.

Hapo ndipo hesabu yenu ilipotufikisha. Sauna ndogo inawavunjia heshima wageni ambao hawapo. Sauna kubwa haipati moto. Na sauna ya katikati haiwezi kupatikana bila kumpinga Dada Mkasi, jambo ambalo hata mimi siliombi.

PENDEKEZO

Mtu anayelalamika bila kupendekeza anapoteza muda wa kikao, na mimi sipendi kupotezewa muda. Nimekaa, nikatafakari, nikaona kwamba kosa letu halikuwa katika kupima. Tulipima kama mafundi cherehani: nyonga, mshono, unene wa baadaye. Vipimo vimo daftarini, vimesainiwa. Kosa ni kwamba vipimo vya nguo tulimpa seremala.

Napendekeza sauna isijengwe. Ishonwe.

Kila mjumbe ashonewe sauna yake, kwa kipimo chake kilichokwisha kuandikwa. Iwe joho refu lenye bitana mbili, na katikati ya bitana vijazwe vile vipande vya kistoo cha chini ya ngazi, ambavyo vimetusubiri miaka yote hii bila kazi. Kola iwe ya kubana, kichwa kibaki nje ili mtu apumue na kutoa maoni. Ubavuni kuwe na tundu la bomba, na bomba liunganishwe na boila langu, ambalo liko tayari, linafanya kazi, na halihitaji kuondolewa mahali lilipo. Wala anayeliendesha hahitaji kuondolewa.

Tazameni faida. Sauna ikibana, inafunguliwa mshono. Ikipwaya, inapunguzwa. Shangazi atakuwa na sauna ambayo kipimo chake anakijua yeye na Dada Mkasi tu. Mama hatapandishwa popote. Atakaa kwenye kiti chake, na akilala, alale, kwani hakuna anayengoja ruhusa yake ili afungue vifungo vyake mwenyewe. Sauna za wageni zitakuwa tatu, za kamba kiunoni, zinazomfaa mtu wa mwili wowote, na zitaning'inizwa nyuma ya mlango zikisubiri.

Zaidi ya hayo, joho likiwa na mikono yenye kubana kwenye viganja, fundi anaweza kukaa kwenye sauna yake huku anashona. Mgongo unalegea, kazi inaendelea. Mwaka mmoja kutoka sasa sioni kwa nini tusiwe na sauna ya kazini, sauna ya kutokea, na sauna ya mikono mifupi kwa msimu wa joto. Wateja wakituona dirishani tumevaa sote, mvuke ukitutoka shingoni, wataingia wenyewe kuulizia. Karakana iliyoanza na cherehani moja ya Mama itakuwa ya kwanza popote pale kuuza sauna yenye mifuko.

Kwa mantiki hiyo, naomba kikao kiazimie mambo haya leo: kwamba swali la ukubwa sahihi wa sauna ya nyumbani lijibiwe kwa kusema ni ukubwa wa mwenye kuivaa, kwamba ule mchoro wenye mshale urudishwe kwa mchoraji, na kwamba chumba cha pasi kibaki cha pasi, mlango wake ukifungwa na yule yule ambaye amekuwa akiufunga kwa miaka ishirini na miwili.

Nimalizie kwa kumtakia Mama usingizi mwema na Shangazi kiti kipana. Nampa pole Shemeji Randa kwa mbao alizokwisha kukata, na Dada Mkasi nampa heshima zangu zote bila kupunguza hata sentimita. Watoto nao nawashukuru kwa kunyamaza hadi ukurasa wa tatu. Nawasalimia pia wageni wetu watatu, popote walipo duniani, ambao hawajui kwamba wamekaa katikati ya ugomvi huu.

Ni mimi,
ndugu yenu wa tumbo moja, katibu wa kikao, na mpiga pasi wenu.

Nyongeza, iliyoandikwa baada ya barua kukunjwa, nayo lazima isomwe:

Jana alasiri nilimaliza kushona sauna ya kwanza, kwa vipimo vyangu, ili nije kuwaonyesha. Niliivaa. Nikaunganisha bomba. Inafanya kazi kama nilivyoeleza. Mgongo wangu ulilegea kabla ya dakika kumi, na mvuke haukuvuja popote isipokuwa kidogo kwapani.

Nilikuwa nimekaa katikati ya chumba, kichwa tu nje. Nikakumbuka jambo la kuchekesha kuhusu Kaka Mkubwa na hoteli yake, jambo la kuchekesha kwelikweli. Nikaanza kulisema kwa sauti. Boila likakoroma. Nikalisema tena tangu mwanzo, kana kwamba boila halikusikia vizuri mara ya kwanza.

Ndugu zangu, kwa miaka hiyo yote ninayoitaja kwa fahari, kila mmoja wenu anayefungua mlango wangu hutupa nguo mezani na kukimbia joto. Sikuwahi kulalamika, na sasa naona kwamba hilo ndilo lililopaswa kuwa lalamiko namba moja. Dakika hamsini na tano ni muda mrefu kuliko wote mliowahi kukaa humo. Mlipoondoka, nilipiga pasi shati moja mara tatu bila kujitambua.

Kwa hiyo nimeivua sauna yangu na kuitundika. Nimemkalisha mpwa wangu kwenye benchi, nikaipitisha futi nyuma yake kutoka upande hadi upande, bila kuizungusha. Nimewakalisha na wengine wawili niliowakuta karakanani, nikapima vile vile. Kwa wastani mtu anakaa kwenye sentimita hamsini. Wanane tunaenea kwenye mita nne, yaani ukuta wa kushoto peke yake, bega kwa bega. Meza inabaki, boila linabaki litupe mvuke, nami nabaki. Mgeni akija, tutabanana. Dada Mkasi, futi yako haina kosa lolote. Ni yenyewe niliyotumia.

Nayafuta malalamiko yangu yote sita na pendekezo lake, na badala yake kama katibu natangaza uamuzi, ambao kikao kiupitishe kabla hakijanyanyuka: Shemeji Randa asikate ubao mwingine, bali alete benchi moja la mita nne, la chini, lisilo na ngazi ya pili. Kila Alhamisi saa tisa alasiri, kila mjumbe aje chumba cha pasi na taulo yake. Mama atakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, na atatoa ruhusa ya kutoka kwa wote kabla hajasinzia. Wanaokubali wanyooshe mikono sasa hivi, niandike idadi. Wanaokataa waje Alhamisi kunieleza sababu zao, mlango ukiwa umefungwa.